Kichupa cha Watoto Kumi

Sikuondoka nyumbani kwa matembezi. Niliondoka kwa sababu kuna mama nilimrudisha bila kuwachanja watoto aliokuja nao, na wiki tatu baadaye simu yangu ikalia.

Naitwa Emiliana. Ni nesi katika zahanati ndogo upande wa Maretadu, huku kwetu Mbulu, na kazi ya chanjo nimeifanya tangu wanangu wakiwa wadogo mpaka sasa wana watoto wao. Mama ninayemsema alikuja siku ya Jumanne, wakati siku yetu ya kliniki ni Alhamisi. Alikuwa Mdatooga wa bondeni Hanang, amekuja na mumewe mnadani kuuza ng'ombe. Alikuwa amempakata mtoto wa kiume wa miezi tisa na ushee, na pembeni yake alisimama mtoto wa kike wa kama miaka mitatu, ameshika ncha ya shuka lake. Wote wawili walikuwa hawajapata chanjo ya surua.

Chanjo ya surua huja kwetu ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa cha watoto kumi. Ukishauchanganya na maji yake, una saa sita tu. Zikipita, kinachobaki unamwaga. Miezi ile vichupa vilikuwa vinatufikia kidogo kidogo, na mimi nilibakiwa na kimoja. Nikapiga hesabu ya kila siku: nikikifungua kwa hawa wawili, Alhamisi nitawaambia nini wale kumi?

"Mama, rudi keshokutwa," nikamwambia. "Leo mko wachache."

"Keshokutwa sisi hatupo," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Kesho tunarudi na mifugo."

"Basi mwezi ujao."

Hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni, akamshika yule wa kike mkono, akaondoka. Nilimwandika kwenye daftari: Udameda, na mtoto wake Gidamis. Jina la yule wa kike sikuuliza.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, wiki ya tatu tangu siku hiyo. Aliyepiga simu ni Yohana, mhudumu wa afya wa jamii upande wa Basotu, Mdatooga mwenyewe, tuliyewahi kusoma naye semina moja.

"Nesi, shikamoo."

"Marahaba, Yohana. Sauti yako si nzuri."

"Surua imeingia huku. Kuna boma moja mtoto wa kike ametoka vipele jana. Na kuna mama amerudi kwenye boma hilo hilo Jumamosi jioni, alikuwa kwao kwa wazazi wake. Ana mtoto mchanga mchanga, hajachanjwa. Anasema alishakuja kwako, ukamwambia wako wachache."

Nikauliza jina, ingawa nilishalijua.

"Udameda," akasema.

Nesi yeyote anaijua hesabu iliyoanza kichwani mwangu hapo. Mtoto akikutana na surua, ukamchanja kabla siku tatu hazijaisha, chanjo inaweza kuuwahi ugonjwa. Zikipita siku tatu, unabaki kungoja tu. Gidamis alifika kwenye boma lile Jumamosi jioni. Mwisho wake ulikuwa Jumanne jioni, yaani kesho.

"Timu ya huko kwenu?" nikauliza.

"Wako ng'ambo ya mlima, wanachanja huko kulikoanzia. Kwetu watafika Alhamisi. Wanafanya kazi usiku na mchana, nesi, lakini ni wale wale."

Nikampigia mratibu wetu wa chanjo. Alinisikiliza, akaongea na mwenzake wa Hanang, kisha akanirudia. Mzigo mdogo umeingia Mbulu mjini asubuhi ile. Nikiweza kufika, nitapata vichupa viwili, niende.

Jumatatu alasiri, Endagikot. Chanjo niliichukua mjini na kuiacha kwenye friji hapo mpaka asubuhi, halafu nikaenda kulala Endagikot kwa mama yangu, mwendo mfupi kutoka mjini. Nyumba ilikuwa imejaa. Mdogo wangu Regina alikuwa amekuja likizo kutoka Ujerumani, anakofanya kazi ya kutunza wazee, na alikuwa amemleta mwanawe kwa mara ya kwanza. Jonas ana miezi kumi, mashavu kama andazi. Mama alikuwa hamwachi hata akikoroga ugali.

Nikawaeleza safari yangu. Regina akashtuka, akamvuta mtoto karibu.

"Surua iko mbali na hapa?"

"Iko mbali. Na wako si amechanjwa?"

"Amechanjwa." Akaingia chumbani, akatoka na kijitabu cha njano, kila ukurasa una stika za dawa alizopewa. Nilivaa miwani nikasoma mstari kwa mstari. Zipo tunazozitoa hata sisi. Ipo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo kwenye kadi zetu haina hata mstari. Nikafika kwenye surua, nikaona tarehe.

"Huyu amechanjwa mapema," nikasema. "Kwao si wanangoja miezi kumi na moja?"

"Ndiyo. Lakini nilimwambia daktari tunakuja Tanzania. Akasema huko surua ipo, tusisubiri. Akafungua kichupa akamchoma."

"Kichupa cha watu wangapi?"

Regina hakulielewa swali. "Cha kwake," akasema. "Kila mtoto ana chake."

Nikamrudishia kijitabu. Mama yangu, ambaye hajasoma lakini hapitwi na neno, alikuwa ananitazama usoni. Akaniuliza kwa Kiiraqw kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, nimechoka. Lakini sahani nikaisogeza pembeni. Daktari wa mbali alimfungulia mtoto kichupa kizima kwa sababu tu anakuja kututembelea sisi. Na sisi tunaoishi hapa, mtoto wetu nilimwambia arudi siku wenzake watakapotimia.

Regina aliniona. Baadaye, tukiosha vyombo, akasema taratibu, "Dada, ungefanya nini? Ungekuwa na vichupa ungefungua."

"Nilikuwa nacho kimoja," nikamjibu.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Tluway alinisubiri nje na pikipiki. Ni mtu wa makamo, mkulima wa vitunguu saumu, na pikipiki huendesha kwa abiria anaowajua tu. Tukapitia mjini, nikapanga barafu kwenye kasha la chanjo, nikaweka vichupa vyangu viwili katikati na chupa za maji yake, nikafunga. Kasha nililivaa begani, likakaa kati yangu na mgongo wa Tluway.

"Hiki ndicho tunachokimbiza?" akauliza.

"Hiki ndicho. Kisipigwe jua, kisianguke."

"Na wewe?"

"Mimi nikianguka nitaamka."

Tulipita Dongobesh kukiwa na ukungu. Mpaka Maretadu mahindi yalikuwa yamefika kifuani na maharage yanatoa maua chini yake, na watu niliowajua walinipungia mikono, wakidhani naenda kazini. Nilipoiona njia inayoingia zahanati yangu niligeuza uso upande mwingine. Ndiyo njia aliyoipanda Udameda na watoto wawili.

Saa tatu na nusu, Haydom. Tukanywa chai tumesimama. Nilifungua kasha kidogo nikaangalia vichupa. Kila kichupa kina alama, duara lenye mraba mweupe ndani. Joto likiingia, mraba unakolea rangi, na ukifanana na duara dawa imekufa. Mraba wangu ulikuwa mweupe. Nikampigia Yohana.

"Gidamis ana homa?"

"Hana. Lakini yule wa kike amezidiwa. Hali chakula. Macho hayafunguki."

"Mpeni maji kidogo kidogo, kwa kijiko. Msimwache."

Saa tano, korongo lililo kati ya Haydom na Basotu. Mvua ilikuwa imenyesha kwa juu, sisi hatukuiona, lakini maji yake ndiyo tuliyoyakuta. Yalijaa ukingo kwa ukingo, mekundu, yanabeba matawi na kiroba cha mtu. Upande huu palikuwa na lori la mbao na watu wachache wamechuchumaa. Upande wa pili, hivyo hivyo.

"Yatapungua saa ngapi?" nikamuuliza mzee mmoja, baada ya kumwamkia.

"Yakitaka," akasema. "Jana yalikaa mpaka jioni."

Jioni. Nikaangalia saa yangu, nikaangalia jua. Tluway alikata mti, akausimamisha kwenye maji pembeni kupima. Tukakaa. Nilivua kitenge nikafunika kasha, nikaliweka kwenye kivuli cha lori. Kila baada ya muda nilikwenda kuutazama ule mti. Nusu saa ikapita, maji yako pale pale. Saa nzima, yamepungua upana wa kiganja. Nilisali, na niseme ukweli, haikuwa sala nzuri. Nilikuwa namwambia Mungu kwamba mimi ndiye mwenye kosa, kwa hiyo asimalizie kwa mtoto.

Saa saba kasoro, vijana wawili wa ng'ambo waliingia na fimbo, maji yakawafika kiunoni, wakavuka. Tluway akainuka.

"Nesi, pikipiki itabaki mpaka yapungue. Sisi tunaweza kuvuka, lakini haya maji hayana adabu. Useme mwenyewe."

Nina miaka hamsini na mbili na sijui kuogelea. Nikasema twende. Kasha alilibeba Tluway kichwani, akalifunga kwa kamba ya katani kupita kidevuni. Wale vijana wakanishika mikono, mmoja kila upande. Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyofikiri na chini palikuwa panatembea, kokoto zinakimbia chini ya nyayo. Katikati mguu wangu ulikosa mahali. Nilizama mpaka shingoni, nikameza maji, nikasikia mtu anapiga kelele "Shikilia! Shikilia!" Sijui kama walinivuta au maji yalinisukuma. Nilichokumbuka kutazama ni kichwa cha Tluway. Kasha lilikuwa juu, limenyooka, linaelea kama linatembea lenyewe.

Ng'ambo nilitapika. Kisha nikafungua kasha. Barafu ilikuwa imebaki kama nusu. Mraba bado mweupe.

Tulimpigia Yohana, akatujia na pikipiki yake. Tluway akabaki kuingoja ya kwake, akaahidi kutufuata maji yakipungua.

Saa tisa alasiri, bondeni. Kutoka Basotu njia inashuka kwenye tambarare ya nyasi, na Mlima Hanang unakaa mbele yako safari nzima, hausogei. Yohana alikuwa anakwepa mashimo na kunieleza kwa kupaza sauti: boma ni la bibi mmoja mjane, kijana wake ndiye mume wa Udameda. Yule mtoto mgonjwa ni mjukuu mwingine, mama yake alifariki kwa uzazi, bibi ndiye anayemlea.

Boma lilikuwa kimya. Ng'ombe walikuwa machungani, na watoto wakubwa na mama zao walikuwa wamekwenda kisimani, mbali. Bibi alitoka mlangoni, mrefu, chale za duara zimezunguka macho yake, amevaa sketi ya ngozi ya wanawake wao. Nikainama nikamwamkia kwa Kidatooga kidogo nilichonacho. Aliitikia, lakini hakusogea mlangoni. Akamwambia Yohana maneno machache.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama wewe ndiye yule aliyewarudisha."

"Mwambie ndiye."

Bibi akapisha.

Ndani palikuwa na giza na moshi, ikachukua dakika macho yangu kuzoea. Mtoto alikuwa amelala kwenye ngozi. Uso umevimba, vipele vimeungana mpaka shingoni, macho yametoa usaha na kugandana, midomo imepasuka. Alikuwa anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani. Mkono wake ulikuwa umekamata ncha ya shuka la mtu aliyeketi karibu naye, na aliyeketi alikuwa Udameda.

Hapo ndipo nilipomtambua mtoto. Ni yule yule wa kike ambaye jina lake sikuuliza.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Udahida," Udameda akasema. Hakuniamkia. Mtoto wake Gidamis alikuwa mgongoni, anacheza na shanga za shingo yake, hana hili wala lile.

Nikampima Udahida, nikampa vitamini A ya matone, nikamsafisha macho kwa maji yaliyochemshwa. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto nilipolifungua niliona doa jeupe juu ya mboni. Alihitaji hospitali ya Katesh, sio kesho, sasa hivi.

Lakini jua lilikuwa linashuka, na Gidamis alikuwa mbele yangu.

Nikatoka na kasha mpaka kwenye kivuli cha uzio. Udameda akanifuata. Nikatoa kichupa kimoja nikakishika. Yohana akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Nesi, wenzao wako kisimani. Watarudi saa kumi na mbili, labda moja. Tukiwasubiri tutakuwa na watoto wanane au tisa."

Alikuwa sahihi. Ndivyo tulivyofundishwa semina, yeye na mimi, benchi moja. Nilikuwa na vichupa viwili kwa bonde zima.

Udameda alikuwa anatutazama midomo. Akamshusha Gidamis mgongoni, akamweka kwenye mkono.

"Leo pia niko peke yangu," akasema. "Nirudi?"

Nilivuta maji kwenye bomba la sindano, nikayaingiza kwenye unga, nikakizungusha kichupa mpaka unga ukayeyuka wote. Nguo zangu bado zilikuwa na tope la korongo. Nilimchoma Gidamis mkono wa kushoto. Alilia kwa hasira, sauti nzima, sauti ya mtoto mwenye afya, na mimi nikafurahi kuisikia.

Ilikuwa saa kumi na dakika chache.

Tluway alifika wakati huo huo, amelowa mpaka nywele. Nikamwambia mgonjwa anahitaji hospitali ya Katesh sasa hivi. Bibi alipanda nyuma yake, Udahida amefungwa kifuani kwake kwa shuka, na wakaondoka kuelekea Katesh. Nilimpigia Theresia, rafiki yangu wa shule anayekaa Jorodom, nikamwomba awapokee hospitali, kwa sababu bibi hajui Kiswahili wala mtu pale mjini. Theresia hakuuliza swali. "Nakwenda kusimama getini," akasema.

Kilichobaki ni kichupa kilichofunguliwa, chenye dawa ya watoto tisa na saa zake zinazopungua. Sasa mambo yaligeuka. Siku zote watoto ndio hunifuata mimi na kichupa changu. Jioni ile mimi na Yohana tuliwafuata wao. Tulikwenda kisimani kwanza, tukawakuta wanawake na madumu na watoto sita. Wawili walishachanjwa. Wanne nikawachoma pale pale kwenye matope ya ng'ombe. Boma la pili, watoto wawili. Boma la tatu, baba mmoja alikataa, akasema hajaona mgonjwa kwake. Yohana aliongea naye mpaka akamtoa mmoja, mwingine akamficha. Jua lilipozama nilikuwa nimechanja wanane kutoka kwenye kichupa kile. Dawa ya wawili niliimwaga baadaye, nikaandika, na nikalala nyumbani kwa Yohana bila kuota.

Jumatano asubuhi, Yohana aliwakusanya wengine mlangoni kwake, nikakimaliza kichupa cha pili chote kabla ya saa nne. Kisha akanipeleka Katesh.

Saa saba mchana, Katesh. Udahida alikuwa na mpira wa hewa puani. Alikuwa hai. Daktari, msichana ambaye angeweza kuwa mwanangu, aliniambia mapafu yanaitikia dawa. Kuhusu jicho la kushoto alisema tungoje, lakini alivyosema tungoje nilimwelewa, kwa sababu na mimi husema hivyo.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni karibu na kitanda, Theresia kwenye benchi na chupa ya uji. Yohana akakaa kati yetu, atutafsirie. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mengi, ya kueleza. Kwamba dawa ilikuwa kidogo. Kwamba vichupa vinatengenezwa vikubwa kwa nchi kama yetu kwa sababu ni rahisi zaidi hivyo, na vidogo viko kwenye nchi zenye uwezo. Kwamba amri sikuitunga mimi. Yote ni kweli. Nilipomwona yule mtoto yakaniishia.

"Bibi," nikasema, "huyu alikuja kwangu akiwa mzima. Dawa nilikuwa nayo. Nilimrudisha. Naomba unisamehe."

Yohana alitafsiri. Bibi hakunitazama, alikuwa anamfukuza nzi usoni mwa mtoto. Kisha akauliza swali, na Yohana akaligeuza:

"Anauliza, dawa hiyo ni ya kumi kwa sababu ugonjwa unakuja kwa watu kumi kumi?"

"Hapana," nikasema. "Unakuja kwa mmoja."

Bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia alichokuwa anakijua. Akasema maneno mengine, marefu kidogo.

"Anasema kosa lako amelisikia," Yohana akasema. "Anasema kukusamehe au kutokukusamehe ni kazi ya baadaye. Sasa anataka umwonyeshe namna ya kusafisha jicho, kwa sababu hapa manesi ni wachache na wanachelewa."

Nikapiga magoti nikamwonyesha. Pamba, maji safi, toka kona ya ndani kwenda nje, pamba moja mara moja tu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu.

Jioni, Jorodom. Nililala kwa Theresia. Nyumba yake ya zamani ilichukuliwa na tope siku Mlima Hanang ulipoporomoka, na hii ya sasa bado ina harufu ya saruji. Kutoka mlangoni unaona mkwaruzo mrefu wa udongo mtupu unaoshuka mlimani.

"Siku ile," akaniambia akimenya viazi, "hatukuwa tumemaliza kuwatafuta watu wetu, mablanketi yakaanza kufika. Watu wa mbali tusiowajua. Nilikuwa na mablanketi tisa, Emi. Tulikuwa wengi, ndiyo maana walituona." Akaendelea kumenya. "Huyu mtoto wa leo nani atamwona? Ni mmoja."

Alhamisi nilirudi na Tluway, aliyekuwa amenisubiri Katesh. Korongo lilikuwa kavu, mchanga tu, Tluway akavuka bila kupunguza mwendo. Endagikot nilimkuta Regina anafungasha, Jonas amekaa juu ya sanduku. Akanikumbatia muda mrefu, akasema akifika kule atatafuta namna ya kutuma chanjo. Nikamwambia hazitumwi kwenye begi. Zinatengenezwa na wachache, zinanunuliwa kwanza na wenye nguvu, na sisi tunapata kwa kusubiri na kwa kugawana kumi kumi. Yeye analipa kodi kule, angalau huko aliseme jambo hili. Akaniambia atalisemea wapi, yeye ni mfanyakazi wa wazee. Nikamwambia anzia kwa hao wazee.

Tangu hapo nilihesabu siku. Dalili za surua hujitokeza baada ya siku kumi hivi, zikichelewa ni wiki mbili na zaidi. Kila asubuhi nilimpigia Yohana kabla sijanywa chai, na kila asubuhi aliniambia kitu kimoja: hana homa. Siku ya kumi alisema ana kikohozi, na siku hiyo sikuweza kufanya kazi, niliandika kadi mbili kwa makosa. Siku ya kumi na moja kikohozi kimeisha, lilikuwa vumbi. Siku ya ishirini na moja Yohana alicheka kwenye simu kabla hajasema. Gidamis ametambaa mpaka kwenye zizi la ndama, amekutwa amelala katikati yao.

Udahida alitoka hospitali baada ya wiki mbili. Jicho la kushoto halioni. Yohana anasema ameshazoea kugeuza kichwa chote anapoitwa upande ule, na wenzake wamejifunza kumwita kutoka kulia.

Nimeulizwa na wenzangu kazini nimejifunza nini kwenye safari ile. Sikujifunza jambo jipya kuhusu surua, wala kwamba nchi yetu ni maskini; hayo niliyajua. Nilijifunza kwamba uhaba wa dunia nzima, ukishuka ngazi zote, unafikia kwenye mkono wa mtu mmoja anayemtazama mtoto na kusema rudi keshokutwa. Siku ile mkono ulikuwa wangu. Sasa Jumanne nachanja, na mtoto akiwa mmoja nachanja, na watoto wa kumalizia kichupa nakwenda kuwatafuta mwenyewe nyumba kwa nyumba mpaka saa sita ziishe. Wakubwa wangu wameniita mara moja kuniuliza kuhusu dawa inayomwagwa. Niliwaeleza. Wakaandika, nami nikatia sahihi.

Lakini hiyo haimrudishii mtu kitu. Walipanda njia ile ile asubuhi ile, watoto wawili na mama mmoja, wakafika mlangoni kwangu wote wazima. Mmoja nilimwahi.